Dubu Hana Hadithi Kwetu

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu, hapa Majengo mjini Moshi, huwakuta dubu wangu wa kushona wamekaa juu ya kabati la vyombo, na swali lake huwa lilelile. Haulizi nimejifunzia wapi kushona wala mmoja ananichukua siku ngapi. Anauliza: kwa nini dubu? Tembo tunao, simba tunao, twiga ndiye mnyama wa taifa. Dubu hajawahi kukanyaga mlima huu. "Ungeshona tembo, dada, wageni wanaoshuka mlimani wangewamaliza wote," aliniambia jirani yangu wa mlango wa pili, na alisema kwa nia njema kabisa.

Nimeshona dubu 41 kwa miaka sita. Kila mmoja namwandika kwenye daftari la mistari: tarehe, kitambaa kilikotoka, na amekwenda kwa nani. Mchana nipo nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Usiku, watoto wakishalala na umeme ukiwepo, natandika shuka kuukuu mezani, natoa wembe, sindano na mfuko wa sufi, zile nyuzi laini za mti wa msufi, nashona mpaka macho yaanze kuuma. Ndiyo hobi yangu. Mwenzangu anaimba kwaya, mwingine analima bustani ya maua. Mimi nashona dubu, na leo nataka kulijibu lile swali kwa kirefu, kwa sababu kibarazani huwa silimalizi.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na Soko la Kati, na cherehani yake ya mguu ilikuwa nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono wake ulipokuwa ukipita. Michoro yake ya kukatia aliitengeneza kwa maboksi ya sabuni: kola, mfuko wa kaunda suti, mkono wa shati la mtoto wa darasa la kwanza. Kila boksi aliliandika kwa kalamu ya risasi na kulitoboa tundu la kulitundikia msumarini. Vipande vya vitambaa vilivyobaki tulivibeba likizo kwenda Kibosho kwa bibi, naye alitufundisha kufunga mdoli wa majani makavu ya mgomba na kumvalisha vile vipande. Mdoli yule alinukia moshi wa jikoni. Alikuwa mgumu, huwezi kumkumbatia sana, na baada ya wiki alianza kumomonyoka akabaki gauni.

Baba alipofariki tuligawana vitu vyake kama inavyofanyika kwetu. Wengine walichukua makoti na viatu. Mimi niliomba mkasi, boksi la michoro na cherehani. Mwaka mzima sikuigusa. Niliifuta vumbi Jumamosi, nikairudishia kitambaa chake.

Kilichonirudisha ni koti. Nilikwenda Memorial, soko la mitumba, kutafuta sweta la shule la mwanangu, na kwenye fungu la makoti ya kike nikakutana na moja la kahawia lenye manyoya marefu. Zipu imekufa, bitana imechanika, kola imepauka. Muuzaji alilitaja kwa shilingi 5,000, akaliachia kwa 3,500. Nilipoingiza vidole kwenye manyoya yale nilimkumbuka yule mdoli wa majani ya mgomba, na jinsi nilivyokuwa nikimbana usiku kwa taratibu nikiogopa asivunjike. Nikalichukua. Sweta nililisahau, ikabidi nirudi Jumanne yake.

Watu hudhani kazi ngumu ni kushona. Kushona ni rahisi. Ngumu ni kukata. Manyoya yana mkondo wake kama mgongo wa paka: ukipapasa kwenda upande mmoja yanalala, ukirudisha yanasimama. Kabla ya kukata chochote nafumua koti lote, naondoa bitana, nafua, naanika kivulini, halafu naligeuza na kuchora mishale kwa chaki upande wa nyuma kuonyesha manyoya yanakoelekea. Mwilini lazima yaelekee chini. Mikononi yaelekee viganjani, miguuni yaelekee unyayoni. Kichwani yaanzie puani yaende kisogoni. Ukikosea kipande kimoja tu, dubu mzima anaonekana kama aliyelala vibaya, na hakuna kitana kitakachomrekebisha. Dubu wangu wa pili ana mguu wa kushoto ambao manyoya yake yanapanda juu. Nimemweka, sikumpa mtu.

Na mkasi hautumiki. Hilo lilinishangaza, mtoto wa fundi. Mkasi unakata kitambaa na manyoya kwa pamoja, na kila mshono unabaki na upara. Unatumia wembe. Unakilaza kipande kifudifudi, unapitisha ncha ya wembe polepole juu ya mstari wa chaki, unakata kile kitambaa cha chini peke yake, kisha unatenganisha vipande kwa vidole na manyoya yanaachana yenyewe bila kukatika. Kuna sauti ndogo inatoka pale, kama karatasi inayochanwa chumba cha pili. Dubu mmoja ana vipande 21: kichwa vitatu, masikio vinne, mwili viwili, mikono sita pamoja na viganja, miguu sita pamoja na nyayo. Nyayo na viganja navikata kwenye suruali kuukuu za kodrai au kitambaa cha kaki. Michoro yangu nayo ni ya maboksi ya sabuni, nayo nimeitoboa tundu. Imetundikwa msumari mmoja na ya baba.

Kichwa ndicho chenye mitihani. Vipande viwili ni vya mashavu, na cha tatu ni kile cha katikati: kinaanza chembamba puani, kinapanuka kwenye paji la uso, kinashuka kisogoni. Ukikishona moja kwa moja kwa cherehani kinateleza, na pua inakwenda upande. Kwa hiyo kwanza napiga bandi, mishono mirefu ya muda, kwa mkono kuzunguka kote, natazama, na nisiporidhika nafumua. Baba alikuwa akisema bandi ni ya bure na kufumua ni kwa gharama. Alisema kuhusu makoti ya suti, lakini linakaa hapahapa. Nikishageuza kichwa nje, najaza sufi kuanzia puani, kidogokidogo, nikiisindilia kwa mpini wa mwiko mpaka pua iwe ngumu kama kifundo cha kidole. Pua laini inabonyea baada ya mwezi mmoja, na uso wote unazeeka nayo.

Sufi naipata kwa mzee mmoja anayeshona mito jirani na soko la Mbuyuni. Ni mtu wa pwani, amekaa Moshi miaka mingi, na kila nikienda ananiwekea ile safi isiyo na kokwa. Siku ya kwanza alinishika kiganja akaniwekea fungu lake. Nilisikia joto kabla sijasikia uzito. "Mwanangu, hii siyo pamba," aliniambia. "Pamba inakunywa maji. Sufi haizami. Majaketi ya kuokolea watu melini zamani yalijazwa hii." Ni kweli: kila unyuzi wa sufi ni kama mrija mtupu uliojaa hewa, na juu umepakwa nta yake ya asili, maji hayapati pa kuingilia kwa urahisi. Robo kilo inamtosha dubu wa sentimita 35. Ubaya wake ni kwamba inapeperuka. Nafunga madirisha, nafunga leso puani, na bado asubuhi naiokota kwenye nyusi za watoto. Na haipatani na moto hata kidogo, kwa hiyo mshumaa hauruhusiwi mezani umeme ukikatika. Naacha kazi, nalala.

Basi, kwa nini dubu?

Nilijaribu wengine. Dubu wa kwanza alipokwenda kwa mtoto wa dada yangu, mimi mwenyewe niliona jirani ana hoja, nikashona fisi. Nilimshona vizuri, nina hakika: mgongo umeinama, masikio ya duara, madoa ya kitambaa cheusi. Nikampa mtoto wa kaka yangu, wakati huo ana miaka minne. Alimpokea kwa adabu, akashukuru kwa mikono miwili. Usiku mama yake alimkuta fisi amefungiwa ndani ya sufuria jikoni, juu yake limewekwa jiwe la kusagia. "Atakula mguu wangu," mtoto alieleza. Nikashona sungura. Sungura alipendwa, lakini tangu siku ya kwanza alikuwa mwizi: aliiba sukari, aliwadanganya midoli wengine, na kila kilichopotea ndani ya nyumba alikichukua yeye. Simba alipiga kelele, akawa mfalme, hakutaka kubebwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanyama wetu wote wameshasimuliwa. Bibi zetu walishawagawia tabia kabla hatujazaliwa: sungura mjanja, fisi mlafi, simba mwenye nguvu asiye na akili nyingi, kobe mwenye subira. Mtoto wa Kitanzania akipokea fisi wa kitambaa anapokea na mashtaka yake yote. Dubu hana mashtaka. Hana methali, hana ukoo, hana ngano ambayo bibi yeyote wa Kibosho au Uru amewahi kuisimulia jikoni. Hata jina lake tumeazima kwa Waarabu. Afrika iliwahi kuwa na dubu wake mbali kaskazini, kwenye milima ya Atlas, naye alishatoweka. Kwa hiyo anapofika mikononi mwa mtoto wa Moshi anafika bila hadithi, na mtoto ndiye wa kwanza kumsimulia. Kwenye daftari langu nimeanza kuandika na hilo: dubu namba 9 ni kondakta wa Hiace za Machame. Namba 17 anaogopa giza, inabidi mwenye naye awe jasiri kwa niaba yake. Namba 23 ni mjamzito. Namba 30 haongei na mtu ila na bibi mzaa mama, tena kwa Kichaga.

Sijui mnyama gani mwingine angeruhusu hayo yote.

Dubu wa kuchezea mwenyewe ana asili yake, na binti yangu alipofika miaka tisa alitaka kuijua. Nilimweleza kama ninavyoijua. Novemba 1902 Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikwenda kuwinda dubu katika jimbo la Mississippi. Kiongozi wa msafara alikuwa Holt Collier, mwindaji hodari, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Siku zilipita rais hajapata dubu. Collier akamkamata mmoja kwa msaada wa mbwa, akamfunga kwenye mti, akaita rais aje apige. Roosevelt akakataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa. Mchoraji Clifford Berryman akalichora tukio lile katika gazeti la Washington Post, na huko Brooklyn, New York, mwenye duka la pipi, Morris Michtom, na mkewe Rose wakashona dubu wa kitambaa na kumweka dirishani. Jina la utani la rais lilikuwa Teddy, na dubu akaitwa dubu wa Teddy.

Binti yangu alikuwa ananishikia uzi. Akauliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. "Kwa hiyo wakamfungua?"

Nilinyamaza kidogo. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini amezaliwa kwenye nyumba ambayo mama anasoma karatasi ya maelezo ya kila dawa mpaka mwisho, na sikutaka kumdanganya. Nilimwambia hapana, mwanangu, dubu alikuwa ameshaumizwa sana, rais akaagiza wammalize kwa kisu asiteseke. Na nikamwambia na la pili, kwamba mwaka 1909 mtu huyohuyo alishukia Mombasa na mwanawe Kermit, wakazunguka Afrika Mashariki wakiwinda, na wanyama waliowapiga walihesabiwa 512. Alishika uzi kimya mpaka nikamaliza sikio. Kisha akasema, "Basi huyu tusimfunge kamba." Mpaka leo dubu wanaotoka nyumbani kwangu hawavai utepe shingoni. Ni sharti lake, na ninaliheshimu.

Upande wa pili wa asili hiyo ninaupenda zaidi, kwa sababu una cherehani ndani yake. Margarete Steiff alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Giengen, Ujerumani. Alipata polio akiwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, miguu ikapooza, na mkono wa kulia ukabaki dhaifu. Akajifunza ushonaji. Inasimuliwa kwamba gurudumu la cherehani lilipomshinda kwa mkono wa kulia, aliigeuza mashine nzima mbele nyuma akalizungusha kwa wa kushoto. Nimekaa kwenye cherehani ya baba nikajaribu kuwaza kushona hivyo, kitambaa kinakuja kutoka upande usiouzoea. Mwaka 1880 alishona tembo mdogo wa kuchomekea pini. Watoto wakamchukua kuwa wa kuchezea, na biashara ikaanzia hapo. Mpwa wake, Richard Steiff, ndiye aliyebuni dubu mwenye viungo vinavyozunguka, sentimita 55, akapelekwa kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1903. Miaka minne baadaye kiwanda chao kilitoa dubu zaidi ya 900,000 kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo, jirani yangu akinisikia: yule mama alianza na tembo.

Mafundi wa Ulaya na Marekani mpaka leo hushona dubu wao kwa moheri, manyoya ya mbuzi wa Angora, na mengi ya manyoya hayo hutoka Afrika Kusini. Nimewahi kushika kipande kidogo cha moheri. Kinang'aa, na kila unywele unasimama peke yake. Ni kizuri, sikatai. Lakini bei yake siiwezi, na koti la Memorial lina kitu ambacho moheri mpya haina: limeshavaliwa. Kiwiko kimelegea, mgongo umelainika. Natafuta sehemu zile hasa kwa ajili ya tumbo.

Viungo vilinichukua miezi mitatu kuvijua. Dubu wangu wa mwanzo mikono yao ilishonewa mwilini moja kwa moja, wakabaki wameinyoosha mbele muda wote. Nilitaka wakae, wasimame, wainue mkono. Siri ni visahani viwili vya mbao, kimoja ndani ya mkono na kimoja ndani ya mwili, na bolti inayopita katikati. Nilikata visahani kwenye mabaki ya hadibodi ya fundi seremala, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kuomba bolti ndogo na washa zake. Kijana wa dukani aliniuliza ni za gari gani. Nikamwambia za dubu, nikamtoa mfukoni mkono mmoja uliokwishajazwa. Aliushika akaugeuzageuza, halafu akarudisha ile nati niliyochagua. "Hapana, mama, hiyo itaachia. Mtoto atazungusha mkono mara ngapi kwa siku?" Akaniletea nati ya loku, yenye pete ya plastiki ndani, na spana namba 8. Tukafunga kiungo cha kwanza palepale juu ya kaunta, yeye ameshika bolti, mimi nakaza. Nilikaza mpaka mkono ukawa mgumu kuzunguka, akaniambia ongeza robo. Alikuwa sahihi: kitambaa kinalegea chenyewe baada ya wiki chache, na kiungo kilichokuwa kigumu kinakuwa sawasawa. Kila nikipita pale huniuliza, "Dubu hawajambo?" Nami humjibu kwa idadi.

Sasa niseme la macho, ingawa linaniuma.

Dubu namba 6 nilimpa mtoto wa jirani, mvulana wa miezi 14. Macho yake yalikuwa vifungo vya koti la suti, vyeusi, vinang'aa, vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuweka. Nilivishona kwa uzi wa nailoni mara nne nikavuta kwa nguvu zangu zote, havikutoka. Wiki ya tatu mama yake alikuja mbio mlangoni kwangu, mtoto begani. Kifungo kilikuwa kimeng'oka, mtoto ametia mdomoni, mama amemwona anakakamaa, amemlaza mapajani kifudifudi na kumpiga mgongoni mpaka kimetoka. Mtoto alikuwa analia, na kilio kile kilikuwa habari njema. Mama alinipa kifungo kiganjani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, chukua."

Mimi nafanya kazi duka la dawa. Mimi ndiye ninayewaambia kina mama wasiweke mto wala kitu laini kwenye kitanda cha mtoto mchanga mpaka avuke mwaka. Mimi ndiye ninayewaambia dawa ziwekwe juu. Na mimi ndiye niliyemwekea mtoto wa jirani vifungo viwili mbele ya mdomo. Kifungo kile nimekichomeka kwenye ukurasa wa namba 6 wa daftari, na hakuna dubu aliyetoka na vifungo tangu siku hiyo, hata akienda kwa mtu mzima, kwa sababu nyumba ya mtu mzima nayo huingia watoto. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu nampa dubu asiye na bolti, viungo vimeshonwa kwa uzi.

Macho sasa ninayadarizi. Nachomeka kwanza pini mbili zenye vichwa vyeusi, namweka dubu juu ya kabati, naondoka. Narudi nikiwa nimesahau, namtazama ghafla. Zikiwa juu na zimekaribiana, ananitazama kama mkaguzi. Nazishusha mpaka katikati ya kichwa, nazitanua kidogo, na sura inakuwa ya kitoto. Kusogeza pini kwa upana wa punje ya mchele kunambadilisha mtu mzima kuwa mtoto. Kuna dubu nimemsogezea pini siku tano. Nikiridhika nachukua uzi mweusi wa kudarizi, nashona duara ndogo iliyobana, na mwisho kabisa naweka pigo moja la uzi mweupe upande wa juu. Pigo moja tu. Kabla ya pigo hilo anatazama. Baada yake anakuona.

Kuhusu kuuza nitasema kwa ufupi. Dubu mmoja ni jioni za wiki tatu. Midoli ya manyoya kutoka viwandani inauzwa stendi kwa bei ambayo hainirudishii hata nauli ya kufuata sufi, na sina ugomvi nayo, watoto wengi wamelala nayo vizuri. Lakini nikianza kuuza nitaanza kuharakisha pini, na siku tano za macho zitakuwa dakika tano. Najijua. Baba alishona kwa kuuza maisha yake yote na aliiheshimu kazi ile. Kitu kimoja tu alichoshona bila kuuza ni gauni langu la kipaimara, na alilifumua mara mbili.

Desemba iliyopita tulipanda Kibosho kama kila mwaka. Nyumba ilijaa: walioshuka kutoka Arusha, waliokuja na basi la usiku kutoka Dar, watoto wamelala kama magunia sebuleni. Mtoto wa mdogo wangu, binti wa miaka mitano aliyezaliwa Dar, alikuja na dubu namba 38, wa koti la kijivu. Mama yangu, ambaye ndiye bibi wa nyumba sasa, hakuwahi kuwapenda dubu wangu. Alimshika huyo wa kijivu kwa vidole viwili akauliza kama kila siku, "Huyu ni mbwa au ni fisi?" Nikamwambia ni dubu, mama. "Anakula nini?" Mtoto akadakia, "Anakula mtori, bibi, ila wa jana." Mama akamrudishia.

Siku ya pili mvua ilinyesha usiku na mfongo, mfereji wa maji unaopita kihambani, kwenye shamba la nyumbani, ukajaa. Watoto walikuwa wanarusha maganda ya ndizi majini wayatazame yanavyokimbia. Nilisikia yowe, nikatoka na mwiko mkononi. Dubu alikuwa ameanguka. Nilitegemea kumwona anazama, maana ana bolti nne za mikono na miguu na nyingine ya shingo, lakini alikuwa anaelea chali, tumbo juu, mikono imeinuka, anakwenda na maji katikati ya migomba. Yule mzee wa pwani alinijia kichwani palepale. Watoto wanane walikimbia ukingoni wakipiga kelele, mbele yao mama yangu, kanga imefungwa kiunoni, miaka 74, anachepuka kati ya mibuni kama msichana. Dubu alinasa kwenye shina la mgomba lililoanguka. Mama ndiye aliyeingia majini, ndiye aliyemtoa.

Manyoya yalikuwa yameloa chapachapa, lakini nilipombonyeza tumbo nilisikia sufi bado imejaa hewa ndani. Hata hivyo unyevu ukibaki unaleta ukungu, na bolti zinaweza kushika kutu, kwa hiyo nilisema lazima akauke polepole, siku mbili tatu, mbali na moto lakini karibu na joto. Kaka yangu alileta vibanio viwili vya nguo, akamchukua dubu ili amtundike kwenye kamba kwa masikio.

Mama alimpokonya. Alimfunga kwenye kitenge chake kikavu, akakaa naye kigodani umbali wa hatua mbili kutoka mafigani, mgongo wa dubu umeelekea kwenye joto. "Nani anayemtundika mtu masikio?" alimwambia kaka. Halafu akamwita mjukuu wake aje akae karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama wakubwa hatupo, "Huko Dar huwa anaitwa nani?"